Chumba Chenye Choo Ndani

Kazi yangu ni kutafutia watu nyumba hapa Busia, na hakuna neno la Kiingereza ninalolisikia mara nyingi kuliko self-contained. Simu inalia asubuhi sijapiga hata mswaki, na ni hilo. "Dada, uko na self-contained?" Hata mtu ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la tatu, hilo analo. Wengine wamelikata wanasema selfu tu. Huku kwetu maana yake haina mjadala: chumba chenye choo na bafu ndani, ufunguo ni wako, hupangi foleni na jirani asubuhi ukiwa umeshika ndoo. Mpangaji wangu mmoja, mwalimu, aliwahi kunieleza kwamba wenye lugha yao wakisema hivyo wanataka na jikoni humo humo na mlango wa peke yake, na kwamba wanaweza hata kumwita mtu hivyo, mtu asiyemhitaji mwingine. Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini neno hilo nililijua kabla sijaandika jina langu mwenyewe sawasawa, na aliyenionyesha uzito wake hakujua kusoma herufi hata moja.

Wiki iliyopita nilimpeleka kijana mmoja kuona chumba nyuma ya soko. Kilikuwa kimetoka kupakwa rangi na harufu bado ilikuwa kali. Aliniambia si chake. Ni cha mama mkwe wake, anakuja kliniki ya macho, atakaa mwezi mzima. Nikafungua. Yeye akapitiliza moja kwa moja mpaka chooni, akabonyeza maji aone kama yanatoka, yakatoka vizuri. Halafu akaganda, ameushika mkono wake kama ameungua. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nje kwenye ngazi.

"Dada," akasema, "nimeingia."

"Nimekuona."

"Na nimeshika."

Mtu wa kutoka mbali angedhani kijana amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa mpaka mwisho. Nilimwambia akae pale kwenye ngazi, asiende popote, kwa sababu nilikuwa na jibu lake, ila ili nanyi mlielewe, inabidi kwanza nipitie habari za baba yangu.

Baba alikuwa anaandika kuta. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Likifunguliwa duka, bucha, kinyozi, kanisa jipya, wanamwita, naye anaenda na brashi zake nne kwenye kopo la maziwa ya unga na thina ya kuzimulia rangi kwenye chupa ya soda. Aliandika Busia yote akapanda mpaka Malaba, kule malori yanakopanga mstari na madereva wanakaa siku mbili tatu wakingoja karatasi zao zipite mpakani. Dereva anayengoja anataka kitanda, kwa hiyo kila mwenye ukuta alifungua lojingi, na kila mwenye lojingi alitaka neno lile lile kwenye ukuta. Shule zikifungwa nilifuatana naye nikishika kopo. Kiingereza hakukijua sana, lakini herufi alizijua na mikunjo yake yote. Aliniambia self-contained ni neno baya kwa mtu wa brashi kwa sababu ni refu kuliko kuta nyingi, na kile kistari cha katikati ndicho kinachokuokoa. Unapumzika hapo, unapima nafasi iliyobaki, ndipo unaendelea. Mpaka leo nikiona herufi za mwisho zimebanana pembeni kama abiria, najua huyo si yeye.

Na huyu mtu aliyeandika choo ndani kwenye kuta za watu wote, sisi wenyewe tulikaa kwenye ploti ya chumba kimoja kimoja, pazia katikati, na choo kimoja nyuma cha familia saba. Hatukuona ajabu yoyote. Ajabu ilikuja na mguu wa Kukhu.

Kukhu ni mama yake mama yangu. Alikaa Osieko, ufuoni mwa ziwa, akikausha samaki na kuwapanga juu ya chanja. Mkono wake ulinuka samaki na moshi na mimi niliupenda. Tatizo langu na Kukhu lilikuwa moja tu: nilijua kwamba anamchukia baba yangu. Sikuambiwa na mtu, niliona kwa macho. Tukienda Osieko, baba akitokea tu njiani, Kukhu anajifunika kitambaa usoni, anapita mlango wa nyuma, anapotelea kwenye migomba. Hawakusalimiana kwa mkono. Hawakula pamoja. Jina lake hakulitaja hata siku moja, alisema "huyo mtu". Na baba naye, mtu mcheshi anayetaniana mpaka na askari wa mpakani, akifika pale anainamisha kichwa, anakaa chini ya mti wa mbali na nyumba, anakuwa bubu. Iliniuma. Nilijiambia nikiwa mkubwa nitamuuliza huyu mama, baba yangu amekukosea nini.

Basi Kukhu akaumia mguu. Alikanyaga mwiba wa samaki, na kwa vile alikuwa na sukari, kidonda kikakataa kupona. Kikanuka. Mjomba wangu alikuwa visiwani upande wa Uganda akivua, hakukuwa na wa kumshughulikia. Alipoletwa Busia mara ya kwanza, muuguzi alimwambia mama yangu bila kuzunguka: kidonda kisafishwe kila siku hapa kliniki, wiki sita, bila kuruka siku, la sivyo mguu utakatwa chini ya goti. Kutoka Osieko kila siku haiwezekani, na msimu ule wa mvua barabara ilikuwa matope matupu. Ilibidi akae mjini. Siku hiyo hiyo akapanda pikapu ya samaki akarudi kwake.

Mama alituma ujumbe kwa dereva wa pikapu kwamba aje akae kwetu, na jibu likaja kwa dereva huyo huyo, aliyelisema huku anaangalia chini kwa aibu. "Mama amesema, kwa mkwe atalala wapi? Na choo ataenda kipi? Amesema ni heri mguu uende."

Nilikuwa na miaka minane na nilisikia hivyo kwa masikio yangu. Ni heri mguu uende kuliko kukaa na baba yangu. Nilikasirika mpaka nikakataa kula.

Mama alilia jioni hiyo kwa sauti ya chini, anasonga ugali huku analia. Baba alikaa kwenye kigoda akizungusha brashi kavu kwenye kiganja. Kisha akasema, "Mama yako hawezi kupoteza mguu kwa ajili ya choo. Mimi naandika neno hilo kila siku. Lazima kuwe na chumba kimoja mahali fulani ambacho ni cha ukweli."

Chumba alikipata kwa Mama Shamim. Huyu alikuwa na lojingi hapa hapa Busia, karibu na mwanzo wa mstari wa malori, mama Mwislamu mwenye sauti nzito na biashara tatu, na baba alikuwa amemwandikia ukuta mwaka uliotangulia. Mama Shamim alimwambia wakati ule, andika self-contained, choo kitafuata. Choo hakikufuata. Madereva walilipa, wakaingia, wakatafuta choo ndani, wakakuta kabati. Kelele ilikuwa kila wiki. Baba akaenda akamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyeandika huo uongo, kwa hiyo na mimi nina aibu yangu hapo. Nipe chumba cha mwisho kwa wiki sita. Mimi na fundi tutakitia choo, nitapaka lojingi yako yote rangi, nje na ndani, na neno lako litakuwa kweli angalau kwenye mlango mmoja."

Mama Shamim alifikiria kidogo. "Na rangi iwe ya buluu," akasema.

Walifanya kazi siku tisa. Fundi wa mabomba alitoka ng'ambo, Mganda mmoja mrefu asiye na haraka, kila ukimuuliza anakuita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, maji yatakuja." Aliweka tangi dogo juu ukutani na mnyororo mwembamba wa kuvutia maji. Huko chooni aliingia yeye peke yake; baba alipaka chumba rangi akaishia kizingitini. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango na kopo langu. Nilikaa hapo siku zote tisa, na ndiyo maana niliona.

Siku ya mwisho fundi alikuwa ameshaondoka, baba anamalizia ukuta wa ndani. Mchana huo alikuwa amekula kitu kwenye kibanda na tumbo likamgeuka. Choo cha nje cha lojingi kilikuwa na dereva ndani, na dereva wa pili mlangoni anangoja. Baba alitoka, akaangalia, akarudi. Akatoka tena. Uso wake ulikuwa na jasho. Mara ya tatu hakutoka, nikasikia mlango wa choo kipya unafungwa na, baada ya muda, maji yanavutwa.

Kilichofuata sijakisahau. Baba alichukua ndoo, sabuni ya unga na dawa kali ya kusafishia, akapiga magoti akasugua choo kile kama mtu anayefuta jina lake. Akasugua sakafu, ukuta, kitasa, akamwaga maji, akarudia. Alipotoka tukaangaliana. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga, nilijua mwanamume na mama wa mke wake hawachangii choo, hilo kwetu mtoto analijua kama anavyojua kutocheza na moto. Baba aliokota brashi zake. "Shika kopo," akasema, "twende."

Kukhu aliletwa baada ya siku mbili. Baba alikuwa ng'ambo ya barabara, ametupa mgongo, anajifanya anasoma tangazo ambalo aliliandika mwenyewe. Mama alimwonyesha chumba: kitanda, dirisha la vioo vya kufungua juu, mlango mdogo wa choo. Kisha mama akakimbia kliniki kuandikisha jina, na nikaachwa mimi na yeye. Nje nilisikia jerikeni la maji likiwekwa chini kando ya ukuta, nikajua ni baba ameleta maji na ameenda zake.

Kukhu alikuwa amejizuia haja tangu Osieko. Nilimwona anavyosimama. Aliegemea fimbo yake, akasukuma mlango wa choo, lakini hakuingia. Aliangalia. Na mimi nikaangalia, nikakiona alichokiona, au nilichoomba asikione: kwenye mnyororo, karibu na mwisho wake, alama ya kidole ya rangi ya buluu. Baba alisugua kila kitu akasahau mahali pa kuvutia maji.

"Nabwire," Kukhu akasema bila kugeuka. "Nani ameingia humu?"

"Fundi wa mabomba. Mganda."

"Na nani mwingine?"

Nikaanza kukunja pindo la gauni langu.

"Huyo mtu wetu, ameingia?"

Niseme ukweli wangu wote hapa. Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa kwenye ulimi. Nilifikiria migomba ya Osieko na baba akikaa peke yake chini ya mti, nikasema moyoni, basi arudi, si hataki choo chetu, arudi na mguu wake. Halafu nikauona ule mguu. Kitambaa kilikuwa kimelowa, na nzi walikuwa wameshakijua. Nikakumbuka baba amepiga magoti na ndoo. Siku tisa. Sikutaka kazi ya baba yangu iende bure kwa sababu ya mtu anayemchukia.

"Hapana, Kukhu."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nimekaa mlangoni siku zote."

"Vizuri," akasema. "Umesema wewe." Akaingia, akafunga, na maji yakavutwa.

Jioni hiyo baba alinipitisha kibandani akaninunulia soda. Chupa nzima, yangu peke yangu, ya machungwa. Kwetu soda iligawanywa kwenye vikombe hata Krismasi. Nilimuuliza leo kuna nini, akasema hakuna kitu, kunywa. Nilikunywa haraka kabla hajabadilisha nia.

Lakini soda haikuniondolea woga. Binamu zangu walikuwa wameniambia kwamba sheria hiyo ikivunjwa mwili unatetemeka na ngozi inatoka magamba, na haichagui, inaweza kumshika hata mtoto. Kila asubuhi niliichunguza mikono ya Kukhu, ya baba na yangu. Wiki ya tatu nilishikwa na malaria, nikatetemeka kitandani nikijua kabisa ni nini kimenipata. Nilikunywa dawa kwa utiifu nikingoja magamba. Hayakuja.

Wakati huo wote Kukhu na baba walizungumza kila siku, kupitia kwangu. Yeye ndani ya chumba, baba nje nyuma ya ukuta, mimi mlangoni. "Nabwire, muulize huyo mtu kama amekula." Baba anasikia kila neno, lakini ananingoja. "Kukhu anauliza kama umekula." "Mwambie nimekula, muulize mguu." "Anauliza mguu." "Mwambie umelala vizuri leo." Nilichoka. Siku moja nikamuuliza mama, tukiwa tunafua, ni kwa nini Kukhu anamchukia baba hivi. Mama aliacha kufua. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya sabuni.

"Kumchukia? Nabwire, yule mama haogopi mtu duniani, amepigana na mamba wa Osieko akiwa na kasia. Mtu anayemkimbia ni mmoja tu. Hujui kwamba anakimbia kwa sababu anamheshimu?"

Sikuamini mara moja, lakini nilianza kusikiliza tena yale maneno yao ya kila siku. Hata baba hakuwahi kuniuliza mimi mara nyingi hivyo kama nimekula.

Kukhu alipoteza kidole kimoja kidogo. Mguu ukabaki. Wiki ya sita ilipoisha alitembea mwenyewe mpaka kwenye pikapu, na kabla hajapanda akaniambia kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, "Mwambie huyo mtu nyumba yake imenitunza." Baba alikuwa huko, mgongo umegeuka kama kawaida. Hakugeuka. Aliinua brashi juu akaishikilia mpaka pikapu ikaondoka.

Siri yangu niliibeba miaka mingi na nilijivunia kuibeba vizuri. Mimi si mtu wa kukiri ovyo. Nilidhani ni yangu peke yangu, na kidogo ya baba.

Halafu baba alifariki. Kukhu alikuja mazishini, mzee sana sasa, amekunjamana, kwa miguu yake miwili. Alikaa mbali na jeneza, kama ilivyompasa. Jioni watu walipopungua akaniita, akaniomba nimletee brashi moja ya marehemu. Aliishika kwa ncha za vidole, hajawahi kushika kitu cha baba maisha yake yote.

"Siku ile," akasema, "mnyororo ulikuwa na buluu."

Nilikosa pa kuangalia. "Uliona?"

"Aliyekuwa mgonjwa ni mguu, si macho."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Kwa sababu nilihitaji mtu wa nyumba ile aniambie hapana. Peke yangu nisingeweza kujiambia. Ungesema ndiyo, ningetoka, na mguu huu ungekuwa umezikwa zamani." Alilipapasa goti lake. "Nawe ukasema hapana, ukakaza macho, nikajua uongo huo ni mzuri, unaweza kunibeba."

Nililia, na si kwa ajili ya msiba tu. Nikamwambia laiti baba angejua kwamba yeye aliiona ile buluu.

"Baba yako?" Kukhu akasema. "Alikuwa nje ya dirisha na jerikeni lake. Nilimsikia anakohoa ulipojibu. Wewe hukusikia?"

Hapo ndipo nilipoielewa ile soda, miaka hiyo yote baadaye. Sisi watatu tulikuwa tumeliona jambo lile lile, na kila mmoja akalinyamazia kwa ajili ya mwenzake. Kwa hiyo yule mpangaji wangu mwalimu na aseme anavyotaka, kwamba self-contained ni mtu asiyehitaji wengine. Kile chumba cha Mama Shamim kilihitaji watu watatu ili kiwe na choo chake.

Sasa nirudi kwa kijana wangu pale kwenye ngazi. Alikuwa bado ameutenga mkono wake na mwili, maskini, kama si wake.

"Sasa nitafanya nini, dada? Huyo mama atakuuliza. Wa kwetu huuliza."

Nilimpa ndoo, sabuni na kitambaa, nikamwambia asugue vizuri, na asisahau mahali pa kubonyezea maji. Aliingia akapiga magoti. Alipomaliza nikafunga chumba, nikamkabidhi funguo.

"Aje tu," nikamwambia. "Akiniuliza, nilikuwa nimesimama mlangoni muda wote."